Sikia, Andika, Tembea: Namna ya Kukusanya Majina ya Mahali, Kuanzia Endagikot

Mtoto wa Endagikot hulitaja jina la kwao kila siku. Hulitaja akiulizwa anatoka wapi, akijaza fomu ya shule, akipanda gari la kwenda Babati au Karatu. Ukimuuliza jina hilo lilitoka wapi, atakwambia, "Babu ndiye anayejua." Na kweli, mara nyingi babu anajua. Tatizo ni kwamba hatujamwendea babu tukiwa na daftari na kalamu.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako, mwalimu, mwanafunzi, mtendaji wa kijiji au mwenyeji tu unayeipenda nchi ya Mbulu na Hanang, unayetaka kukusanya majina ya vilima, mito, makorongo na vitongoji vyake kabla hayajapotea. Kazi haihitaji shahada wala fedha nyingi. Inahitaji masikio, miguu na uaminifu. Shika jambo moja tangu mwanzo: lisikie jina kwa wenyewe na uende mpaka linapoitwa, ndipo useme maana yake. Anayeanza na maana huishia kutunga.

Kwa nini tuhangaike?

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walifariki. Siku kama ile hutukumbusha kwamba tunaishi juu ya ardhi yenye njia zake za maji, hata kama njia hizo zimekaa kavu miaka mingi. Korongo lenye jina ni korongo ambalo mtu fulani alilitazama kwa makini. Likipoteza jina, linageuka kuwa "kiwanja kizuri kimebaki pale chini".

Sababu ya pili ni mipaka. Kijiji kinapoandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, mabishano huanzia kwenye majina: mpaka unapita kilima gani, na kilima hicho wenzetu wa upande wa pili wanakiitaje? Sababu ya tatu ni vibao. Katika Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, mitaa na barabara nchini kote zilipewa majina kwa muda mfupi. Mahali ambapo wazee waliulizwa, majina ya kale yalipata kibao. Mahali ambapo hakuna aliyeandaa orodha, jina la haraka ndilo lililowahi. Ukiwa na orodha yako, safari ijayo kijiji hakitakosa la kusema.

Hatua ya kwanza: ijue nchi ilivyokaa

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote, chora ramani kichwani. Nyanda za juu za Mbulu zimekaa kama kisiwa kilichoinuliwa. Mashariki, ukingo wa Bonde la Ufa unashuka hadi Ziwa Manyara. Magharibi, ardhi inateremka hadi bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi, nchi ya joto na mibuyu. Kaskazini ni Karatu na nyanda za Ngorongoro. Kusini ni tambarare za Hanang, na katikati yake umesimama mlima wa Hanang wenye urefu wa takriban mita 3,420. Pembeni ya mlima huo kuna maziwa ya magadi na maziwa yaliyokaa ndani ya mashimo ya volkano, kama Ziwa Basotu.

Mkoa wa Manyara wenyewe ni mchanga, maana ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na Hanang, Babati na Karatu zote ziliwahi kuwa ndani ya wilaya kubwa ya Mbulu. Kwa hiyo usikomee kwenye mpaka wa wilaya ya leo. Majina yalikuwepo kabla ya mipaka hiyo, na jina moja unaweza kulikuta Mbulu, ukalikuta tena Hanang na Karatu.

Hatua ya pili: tambua tabaka za lugha

Kisiwa hiki kina jambo ambalo ni adimu barani Afrika. Katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa gari kwa siku mbili tatu, zinakutana lugha za asili tofauti kabisa. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na ndugu zake wengi wako Ethiopia na Somalia. Kidatooga, kinachosemwa pia na Wabarabaig wa Hanang, ni lugha ya Kiniloti, jamaa ya Kikalenjin cha Kenya. Kihadza cha bonde la Yaeda na Eyasi kina sauti za kudokoa kwa ulimi, na wataalamu hawajakipatia ndugu. Kisha zipo lugha za Kibantu kama Kinyiramba, Kinyisanzu, Kimbugwe na Kiswahili chenyewe. Kila lugha imeacha majina yake ardhini, tabaka juu ya tabaka, kama majivu ya volkano.

Historia inaeleza tabaka hizo zilivyopangana. Wairaqw wanasimulia kwamba walitoka Ma'angwatay, wakasafiri mpaka wakakaa katika milima iliyo kusini-mashariki ya mji wa Mbulu, nchi wanayoiita Irqwar Da/aw, yaani Iraqw ya mashariki. Serikali iliizoea zaidi kwa jina la Kainam. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 walienea kutoka huko kwenda pande zote, wakaingia katika ardhi ambayo Wadatooga walikuwa wakichungia ng'ombe. Watu walihama au wakachanganyika, lakini majina mengi yalibaki palepale. Ndiyo maana leo unaweza kumkuta Mwiraqw, mtoto wa Mwiraqw, akilima katika kitongoji chenye jina la Kidatooga.

Vipo vidokezo vya kukusaidia kupanga orodha yako. Kumbuka ni vidokezo tu, hukumu itakuja baadaye.

Aya- mwanzoni mwa jina. Katika Kiiraqw aya ni nchi, ardhi ya watu fulani yenye mpaka wake. Angalia Ayamaami, Ayamohe, Ayalagaya, Ayalabe, Ayasanda. Ukikutana na Aya-, uliza: nchi ya nani, au nchi yenye nini?

Enda- mwanzoni mwa jina. Endagikot, Endamilay, Endasak, Endagaw, Endabash, Endamarariek: kichwa hicho kimetapakaa kutoka Mbulu hadi Hanang na Karatu. Kichwa kinachojirudia hivyo kwa kawaida hutaja aina ya mahali, kama Kiswahili kinavyosema "Mto wa" au "Kilima cha". Usikitafsiri ukiwa umekaa. Andika majina yote ya Enda- unayoyajua, nenda katika matano au sita, utazame yote yana nini kwa pamoja: mkondo wa maji, bonde au kitu kingine? Kisha mpeleke mzee wa Kidatooga orodha yako, naye akusomee kila jina polepole.

-da na -ga mwishoni. Nomino nyingi za Kidatooga huishia -da kwa umoja na -ga kwa wingi. Hivyo majina kama Masqaroda, Silaloda, Gunyoda au Balangida yapeleke kwanza kwa wasemaji wa Kidatooga. Hilo la mwisho lina la ziada: kuna Ziwa Balangida na kuna Ziwa Balangida Lelu, na yote mawili ni ya magadi. Hicho ni kichwa kingine kinachojirudia, kifuatilie.

Gida- mwanzoni. Majina mengi ya wanaume wa Kidatooga huanza na Gida-, na ya wanawake huanza na Uda-. Jina la mahali kama Gidagamowd au Gidas linakualika uulize kama kuna mtu aliyeishi au kuzikwa hapo.

Kiunganishi cha Kibantu. Mongo wa Mono, kijiji cha Wahadza katika bonde la Yaeda, kina "wa" katikati. Wanaoishi hapo ni Wahadza, lakini sarufi ya jina ni ya Kibantu. Inaonyesha kwamba jina la mahali linaweza kutoka kinywani mwa jirani.

Kiswahili cha juzi. "Chini" ya Yaeda Chini na jina la kata ya Uhuru hazihitaji mkalimani. Zinakuambia tu kwamba kuna wakati ofisi ilishika kalamu.

Hatua ya tatu: andaa daftari

Nunua daftari la kaunta lenye jalada gumu. Simu ni nzuri kwa kurekodi sauti na kupima majira ya nukta, lakini simu huibwa, huzimika, hufutika. Kila jina lipe ukurasa wake, na kwenye kila ukurasa chora safu hizi:

1. Jina linavyoandikwa ofisini.
2. Jina linavyotamkwa na wenyewe.
3. Kitu chenyewe: mto, korongo, chemchemi, kilima, malisho, msitu, kitongoji.
4. Aliyesema: umri, ukoo na lugha aliyonyonya nayo.
5. Maana aliyoitoa, kwa maneno yake mwenyewe.
6. Jina la zamani, kama lipo, na wakati lilipobadilika.
7. Ulichokiona wewe ulipofika hapo.
8. Tarehe.

Safu ya tano na ya saba usizichanganye kamwe. Ya tano ni ya mzee, ya saba ni ya macho yako. Wengi wanaoharibu kazi hii huanza kuharibu hapo: mzee anasema "mahali pa miti", wao wanaona mawe, wanaandika "mahali pa miti na mawe".

Hatua ya nne: uliza njia, usiulize maana

Kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza kunakofunga mdomo wa mtu. Ukimwendea mzee ukamwambia, "Babu, Endagikot maana yake nini?" umempa mtihani. Akikosa jibu ataona haya, na ili asione haya anaweza kukupa jibu lolote. Anza na maisha yake. Msalimie kwanza, kaa, subiri aulize habari za nyumbani kwenu. Kama ni mzee wa Kiiraqw, mwite aako, na bibi mwite aama. Heshima hiyo inafungua milango ambayo barua ya mtendaji haiwezi kufungua. Kisha anza hivi:

"Aako, ulipokuwa mdogo, ng'ombe mlikuwa mnawanyweshea wapi?"

Atataja mahali. Usiandike bado. Mwache aendelee.

"Na mkitoka hapo mkipandisha, mnapitia wapi?"

Sasa anatembea. Mkono wake utaanza kuonyesha: hapa kuna mwamba, hapa tulikuwa tukiogopa fisi, hapa palikuwa na maji hata kiangazi. Kila kituo kina jina, nayo yanatoka yenyewe, kwa mpangilio wa ardhi. Akimaliza safari ndipo ufungue daftari, umrudishe kituo kwa kituo, na sasa unaweza kuuliza, "Hapa pa fisi, nani alianza kupaita hivyo?"

Usiishie kwa wanaume. Wanaume watakupa malisho, mipaka na mapigano. Aama atakupa chemchemi, mahali pa kuni, mahali pa mboga za porini na udongo wa kufinyangia vyungu. Mara nyingi kilima kimoja kina jina la wachungaji na jina la wachota maji. Andika yote mawili.

Na uwe na adabu mbele ya mahali pa heshima. Chemchemi nyingi katika nchi ya Wairaqw huheshimiwa kama makao ya roho. Kwa Wadatooga, bung'eda, kaburi la mzee aliyezikwa kwa heshima kubwa, ni alama ya ukoo na ya ardhi kwa pamoja. Hapo unaomba ruhusa kwanza, na picha unapiga ukiambiwa piga.

Hatua ya tano: andika sauti, siyo mazoea

Jina lililoandikwa vibaya ni vigumu kulifasiri, maana herufi iliyopotea ndiyo mara nyingi iliyobeba maana. Tazama da/aw, mashariki kwa Kiiraqw. Karatasi nyingi huandika Daaw tu. Ule mkwaju katikati siyo kosa la uchapaji, ni sauti inayobanwa kooni, ileile ya 'ayn anayoijua aliyesoma Kiarabu.

Jifunze sauti chache tu. Hh ni pumzi nzito ya kooni, kama ha ya Muhammad inavyotamkwa na msomaji hodari wa Kurani. Q hutoka nyuma kabisa ya mdomo, kama qaf. X inakaribia kh ya "kheri". Alama ya ' ni kusita kidogo, kama katika ma'ay, yaani maji. Zinazowashinda wageni ni mbili. Kwa sl, weka ulimi kama unataka kusema l, usiutoe, kisha puliza hewa ipite pembeni mwa ulimi, shavuni. Kwa tl, fanya vilevile lakini iachie hewa kwa mpasuko. Lijaribu jina la Ziwa Tlawi. Mgeni hulitenganisha, akaweka irabu kati ya t na l. Mwenyeji anayatoa yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Sikiliza pia jinsi jina linavyobadilika likivuka lugha. Mji wa Mbulu kwa Kiiraqw ni Imboru. Yaweke majina hayo mawili yakitazamana: i ya mwanzo imeanguka, o imekuwa u, r imekuwa l. Hivyo ndivyo kinywa cha Kiswahili kinavyolishika neno la mwenzake. Ukishaona mabadiliko hayo mara moja, utayatambua katika majina mengine kumi.

Hatua ya sita: nenda kwa miguu

Jina ni dai, na ardhi ni shahidi. Manyara ni mfano mzuri. Neno hilo linatoka katika emanyara ya Kimaasai, mti ambao Kiswahili kinauita mnyaa, wenye matawi mabichi kama vidole na utomvu mweupe unaowasha macho, unaopandwa kuzungushia maboma. Maana hiyo inaaminika kwa sababu neno lipo, mti upo na matumizi yapo.

Nawe fanya hivyo. Nenda mara mbili, masika na kiangazi, kwa sababu chemchemi inayoitwa isiyokauka huwezi kuithibitisha mwezi wa Aprili. Nenda na mchungaji kijana, maana yeye ndiye anayekanyaga njia zile leo. Pale unapofika, piga majira ya nukta, tazama mawe, udongo, miti na upande maji yanakoelekea. Kama jina linataja mti ambao haupo, usilikatae. Uliza lini ulikatwa.

Hatua ya saba: linganisha na karatasi

Wasafiri wa Kizungu walipita huku mapema: Oscar Baumann mwaka 1892, kisha mwanajiografia Fritz Jaeger mwaka 1906 na 1907. Katika ramani za wakati huo Mlima Hanang umeandikwa Gurui. Mlima ni uleule, aliyeulizwa jina alikuwa mwingine. Kila unapoona jina geni kwenye ramani ya kale, jiulize mgeni yule alikuwa na mkalimani wa kabila gani.

Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 hupatikana kupitia idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi. Kitabu cha Wilaya ya Mbulu, walichokiandika maofisa wa Kiingereza, kinajulikana kwa watafiti, na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam ndipo pa kuanzia kuulizia. Kwa lugha, kuna kamusi ya Kiiraqw ya mwaka 2002 ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling.

Karatasi nyingine ni za mahakamani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika tambarare za Hanang kwa msaada wa Kanada, yakachukua malisho bora ambayo Wabarabaig waliyaita muhajega. Mashamba hayo yaliandikishwa kwa majina ya wenyewe: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd. Kijiji cha Mulbadaw kilipelekana mahakamani na Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, na shauri hilo likawa maarufu katika sheria ya ardhi nchini. Jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba jina lilibaki kwenye kibao cha shamba huku makaburi yaliyolipa uzito yakipitiwa na trekta. Ndiyo maana nasisitiza safu ya nne: andika jina pamoja na watu wake.

Usisahau Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walihamishwa, na wakati mwingine walibeba jina la kwao hadi makazi mapya. Jina likikataa kulingana na ardhi, uliza kama halikuhamia.

Hatua ya nane: pima maana

Jihadhari na maana tamu. Watu wengi husema Dar es Salaam ni "bandari ya salama", lakini dar kwa Kiarabu ni nyumba, makazi. Bandari ni neno jingine kabisa. Jihadhari pia na sura ya jina. Ukiona Murray kwenye orodha ya kata za Mbulu unaweza kudhani ni Mzungu fulani, kumbe ni sehemu ya kale ya Irqwar Da/aw. Na ukiona Daudi, usiandike "jina la mtu" mpaka mwenyeji akuambie Daudi huyo alikuwa nani na boma lake lilikuwa wapi.

Tumia mashahidi watatu: kinywa, ardhi na karatasi. Wote wakikubaliana, andika "imethibitika". Wawili wakikubaliana, andika "inaelekea". Akisimama mmoja peke yake, andika "inasemekana". Maana zikiwa mbili, ziandike mbili, kila moja na mwenyewe. Kijiji hakipungukiwi kitu kwa kuwa na hadithi mbili.

Hatua ya tisa: irudishe kazi kwa wenyewe

Daftari likijaa, lisome mbele ya mkutano wa kijiji. Utasahihishwa, na pengine watu watabishana, na katika ubishi huo utapata majina ambayo hukuwahi kuyasikia. Kisha toa nakala tatu: moja ofisi ya kijiji, moja shule ya msingi, moja kwa familia ya mzee aliyekusaidia zaidi. Majina ya vilima na mito unaweza kuyaingiza katika ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo kila mtu mwenye simu anaweza kuisoma. Ya makaburi na mahali pa heshima yaache kwa wenyewe waamue.

Anza wiki hii. Fungua ukurasa wa kwanza, andika juu kabisa: Endagikot. Jaza safu ya kwanza, maana ofisi imeshakupa. Ya maana iache wazi. Kisha chukua sweta, maana asubuhi za Mbulu zina ukungu, uende kwa mzee uliyekuwa ukijiambia kila mwaka kwamba utakwenda, umuulize zamani ng'ombe waliwanyweshea wapi.